UZI: Kanisa la kale kuliko yote Mji Mkongwe wa Zanzibar halina mnara, limo ndani ya kuta za Ngome Kongwe

Mleta uzi

Heshima kwenu wakuu, na asalaam alaykum kwa ndugu zangu wa visiwani.

Simama Darajani umuulize mtu kanisa la kale Zanzibar liko wapi. Atakuelekeza Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, au atakunyooshea kidole juu ya mapaa uone Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki. Ngome Kongwe haitajwi. Na kanisa lililoyatangulia hayo mawili kwa zaidi ya miaka 250 limo humo humo ngomeni, hatua chache kutoka kwa wauza urojo wa Forodhani.

Wareno walilijenga kati ya mwaka 1598 na 1612. Lilikuwa kanisa dogo la kituo cha biashara, na kando yake palikuwa na nyumba ya mfanyabiashara. Waomani walipowang'oa Wareno katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome yao juu ya kiwanja kile kile. Kuta zilizowafaa waliziacha zisimame wakaziunganisha na zao. Ndiyo maana mabaki ya kanisa yanaonekana hadi leo kwenye ukuta wa ua wa ndani, ingawa anayepita haraka ataona mawe na chokaa tu, akajua vyote ni ngome.

Kila Februari watu hujaa mle kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara, tangu lilipoanza mwaka 2004. Wanacheza, wanakula, wanapiga picha, na kanisa la karne nne wamelipa kisogo. Siwalaumu, maana hawakuambiwa. Ila inaniuma kuona mapapasi, wale waongoza watalii wa mitaani, wanamtembeza mgeni ngome nzima kwa dakika kumi, wanamweleza mizinga na minara, halafu wanamtoa nje bila kumwonyesha kitu cha zamani kuliko ngome yenyewe.

Uzi huu nataka tuutumie kukusanya tunachokijua: namna ya kulitafuta, waliolijenga ni akina nani, na kwa nini halikufutika. Wenye picha za zamani za ndani ya ngome mwageni hapa.

MsafiriWaBara

Mkuu umenishtua. Busara nimekwenda mara nyingi na sijawahi kusikia habari hii. Tuelekeze vizuri basi. Mtu akishuka boti pale Malindi anafuata njia gani, na akifika anatazama nini?

Mleta uzi

Kutoka bandarini fuata Mizingani, bahari iwe kuliani kwako. Utapita Kasri, halafu Jumba la Ajabu, lile lililojengwa mwaka 1883 na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo linalofuata, lenye kuta ndefu za rangi ya udongo na minara ya mviringo, ndilo Ngome Kongwe. Bustani ya Forodhani itakuwa mbele yake. Ukifika kwenye lile jengo la zamani la yatima ambalo barabara inapita chini yake, ujue umeshaipita ngome, rudi.

Ukiwa ndani usianze na maduka. Nenda uani, simama katikati, uuzunguke ukuta kwa macho polepole. Usitafute msalaba wala mnara, hutauona. Tafuta mahali ukuta unapobadilika: mstari wa wima ambapo mawe ya upande mmoja hayajaingiliana na ya upande wa pili, uwazi uliozibwa, unene usiolingana na wa jirani yake. Ngome ilijengwa ili kuzuia watu, kwa hiyo haikuhitaji uwazi upande wa nje. Kanisa lilihitaji mlango na mwanga. Ukiona sehemu ya ukuta iliyowahi kuwa na mlango au dirisha mahali ambapo mlinzi mwenye akili asingeacha tundu, hapo simama.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa la utosi. Mwanga wa ubavuni unatoa kila kovu la ukuta. Saa sita mchana ukuta wote unakuwa bapa, huoni kitu.

FundiChokaa

Nimefanya kazi kwenye nyumba za Mji Mkongwe miaka mingi, naomba niongeze hapo kwenye kusoma ukuta, kwa sababu mleta uzi amegusa jambo la msingi.

Mji huu wote ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Matumbawe yako ya namna mbili. Kuna yanayokatwa baharini yakiwa mabichi, laini, unaweza kuyachonga kwa msumeno kabla hayajakauka. Hayo ndiyo ya fremu za milango, vidaka na mihrabu. Halafu kuna mawe ya mwambani, magumu, yenye ncha, yanayopangwa vyovyote na kujazwa chokaa. Ukitazama ukuta wa zamani uliochunika lipu, pembe na fremu zitakuwa za jiwe la kuchonga na tumbo la ukuta ni jiwe la mwambani. Ukiona jiwe la kuchonga katikati ya ukuta, limejipanga wima halafu mwanzo wala mwisho wake haueleweki, hiyo ilikuwa fremu ya kitu. Mlango umezibwa, fremu imebaki.

Jambo la pili ni upana. Nyumba zetu zina vyumba vyembamba, kama mita tatu hivi, kwa sababu boriti za mikoko hazifiki zaidi ya hapo bila kupinda. Ukitaka ukumbi mpana lazima uweke nguzo katikati kama misikiti ya kale, au uwe na mbao ndefu kutoka mbali. Kwa hiyo unapokuta msingi wa chumba kirefu na kipana kisicho na nguzo, ujue aliyejenga alikuwa na shughuli nyingine, si makazi.

Na la tatu ni uelekeo. Kwetu huku kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, ndiyo maana misikiti yote ya kale ya pwani imenyooka kaskazini. Makanisa ya zama zile kwa desturi madhabahu yalikaa mashariki. Dira ya simu inatosha kukupa mwanga kabla hata ya kumuuliza mtaalamu.

Nina ombi kwa wenye nyumba wanaosoma hapa: msipige saruji kwenye kuta hizi. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji inafungia maji na chumvi ndani, matumbawe yanaoza taratibu, na siku lipu ikianguka inaondoka na ngozi ya jiwe. Ushahidi mwingi wa Mji Mkongwe tumeupoteza kwa kukarabati, wala si kwa kubomoa.

Mleta uzi

FundiChokaa, Mungu akulipe. Maelezo kama haya ndiyo niliyoyataka.

Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Sisi pia tuna habari kama hiyo na zinafungamana na zenu, kwa hivyo niruhusuni nieleze kidogo.

Ngome yetu, Fort Jesus, ilianzwa 1593 kwa michoro ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno. Ndani ya uwanja wake mna msingi wa kanisa. Wageni wengi wanaupita wakikimbilia kupiga picha na mizinga. Ngome ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, kisha James Kirkman akaichimba na kuifanya makumbusho. Bila uchimbaji ule tusingejua nusu ya yaliyokuwamo.

Mapadri waliohudumu pwani hii zama zile walikuwa wa shirika la Waagustino. Mombasa walikuwa na nyumba yao nje ya ngome, mjini. Kisha likaja la 1631. Sultani Yusuf bin Hasan, aliyepelekwa Goa, India, akiwa mtoto, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni mwezi wa Agosti akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Akarudi kwenye Uislamu, na Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waliokataa kumfuata wakauawa. Mwaka uliofuata akauhama mji.

Nayaeleza haya kwa sababu watu wakisikia kanisa la Wareno hufikiria kwamba waumini wote walikuwa Wazungu. Habari za 1631 zaonyesha walikuwepo watu wa pwani hii walioshika dini ile mpaka kufa. Yafaa tuwakumbuke nao.

Na Malindi, pale kwetu Kenya, kuna kanisa dogo la Wareno linaloonekana wazi, halikufichwa na ukuta wowote. Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda India, akamzika mtu hapo. Anayetaka kuona kanisa la Wareno likiwa bado na umbo la kanisa, aanzie huko, kisha aende Unguja. Jicho lake litakuwa limeshazoea.

Mzalendo wa Ng'ambo

Samahanini, mimi naomba kuuliza jambo ambalo naona mnalizunguka. Hawa Wareno mwaka 1505 waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Walitoza kodi kila bandari kwa mtutu wa bunduki. Kwa nini tuhangaike na kanisa lao? Waomani walijenga ngome juu yake, mambo yakaisha. Zanzibar ina misikiti mingi ya kale inayoanguka, hiyo ndiyo tuitafute kwanza.

Mleta uzi

Swali lako ni la haki na nitalijibu kwa uzito wake.

Hayo ya 1505 ni kweli. Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaiteketeza Mombasa. Na hapa kwetu, mwaka 1503, Rui Lourenço Ravasco alizuia majahazi ya Unguja mpaka mtawala akakubali kulipa ushuru. Hakuna anayetaka kuwaosha.

Lakini kanisa hili lina mengi ya kutuambia kuhusu sisi wenyewe. Kwanza, Wareno wa Unguja walikuwa wachache. Meli ya Kiingereza Edward Bonaventure ya James Lancaster ilitia nanga hapa kuanzia Novemba 1591 hadi Februari 1592, na ilichokikuta ni kituo kidogo cha biashara. Mji ulikuwa wa wenyeji. Wageni wale waliishi kwa kuelewana na Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, na uelewano huo ulikuwa siasa halisi ya Waswahili wenyewe, waliokuwa wakipima nani ana nguvu na nani ana faida kwao.

Mwangalie Mwinyi Mkuu Fatuma. Waomani walipoizingira Fort Jesus tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, yeye alikuwa upande wa Wareno na alipeleka chakula Mombasa. Ngome ilipoanguka Waomani walikuja Unguja, wakamkamata, wakampeleka Muscat. Alikaa uhamishoni karibu miaka kumi ndipo akarejeshwa. Inasimuliwa kwamba makazi yake yalikuwa pale pale lilipo Jumba la Ajabu. Yaani ikulu ya malkia wa Kiswahili, kanisa la Wareno na nyumba ya mfanyabiashara vilikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Ngome ilijengwa pale kwa kusudi: ilikaa juu ya vidonda vyote viwili, cha mgeni aliyefukuzwa na cha mwenyeji aliyemsaidia. Bila kanisa huielewi ngome.

Pili, waliolihifadhi ni Waomani. Sijui niliseme hili mara ngapi. Waislamu wa karne ya 17 na 18 walikuta ukuta imara wakautumia. Hawakuona dini yao inapungua. Sisi wa leo tukiona haya kuutaja ukuta ule, tutakuwa wakali kuliko wao walioshika upanga.

Kuhusu misikiti ya kale nakuunga mkono mia kwa mia. Kizimkazi Dimbani tuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na msikiti unasaliwa hadi leo. Fungua uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Mzalendo wa Ng'ambo

Nimekuelewa. Habari ya malkia Fatuma naijua kwa juujuu tu, sikuwahi kuiunganisha na mahali. Nitakwenda kuutazama huo ukuta.

BintiShangani

Mie nilikulia Shangani na nataka kusema jambo kuhusu Minara Miwili, maana uzi huu unahusu kanisa lililofichika, na kwangu lile nalo limefichika kwa namna yake.

Ile minara unaiona kutoka kila pahala. Ukiwa baharini ndani ya boti inaonekana kabla ya mengi mengine. Ukiwa juu ya paa la nyumba yoyote iko mbele yako. Lakini shuka uifuate. Ukiingia vichochoroni tu imekupotea, nyumba zimekaribiana mno, mbingu yenyewe unaiona kama uzi. Watu huzunguka Baghani wakatokea Sokomuhogo, wakarudi, na hawajaliona lango. Njia rahisi ni hii: toka nyuma ya Ngome Kongwe ushike mtaa wa Gizenga, halafu uingie njia ya kanisani. Ukipotea usimuulize papasi, muulize mzee aliyekaa barazani. Sema tu "Minara Miwili", kila mtu analijua kwa jina hilo. Ukisema Mtakatifu Yosefu wengine watakushangaa.

Lilijengwa miaka ya 1890 na mapadri wa Roho Mtakatifu kwa michoro ya Kifaransa. Ndani kuna michoro ya ukutani na vigae vizuri sana. Mara nyingi siku za kazi mlango mkuu hufungwa, kwa hivyo nendeni wakati wa misa au mpite mlango wa upande wa nyuma muombe ruhusa kwa adabu.

MsafiriWaBara

Dada BintiShangani, asante. Sasa naelewa kwa nini mwaka ule tulizunguka tukaishia kula mishikaki.

Mleta uzi, kati ya hilo kanisa la Wareno na hayo ya karne ya 19, Wakristo hawakuwepo Zanzibar kabisa?

Mleta uzi

Ibada ya hadhara ya Kikatoliki iliondoka pamoja na Wareno. Ukatoliki ulirudi rasmi mwaka 1860, wakati Padri Armand Fava alipokuja kutoka kisiwa cha Réunion na wenzake. Baadaye Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaupokea utume, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868. Waanglikana wa UMCA, shirika lao la misheni, walihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia Mkunazini: soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Steere alifariki 1882 na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu.

Angalia hapo jambo la ajabu. Kanisa la kwanza mjini lilifunikwa na ngome, na kanisa la Mkunazini lenyewe likafunika soko. Kila mwenye nguvu mpya alijenga juu ya kiwanja cha yule aliyemwondoa. Kwa anayetafuta majengo yaliyopotea huu ndio mwongozo bora: usianze na viwanja vitupu, anza na majengo makubwa yanayojiamini, kisha uliza chini yake palikuwa na nini.

Mchimbaji wa Makunduchi

Wakuu, mimi nataka kupinga kidogo. Kule kaskazini Fukuchani na Mvuleni kuna magofu yanayoitwa nyumba za Wareno, na wazee wanasema moja lilikuwa kanisa. Kwa nini mseme la Ngome Kongwe ndilo la kale?

Mleta uzi

Mkuu, magofu yale nayajua na nayapenda, lakini jina ndilo linalotupotosha. Pwani yetu kila gofu lenye kuta nene na chanzo kilichosahaulika huitwa la Wareno. Watafiti waliochunguza Fukuchani na Mvuleni wanayaona ni majumba ya Waswahili ya karne ya 16, ya watu wenye uwezo waliojenga kwa ufundi wa hapa hapa, matumbawe yaliyochongwa na matao yao. Kumpa Mreno kazi ya babu zetu ni hasara.

Ngome Kongwe ni habari nyingine, kwa sababu kuna maandiko na kuna uchimbaji. Mark Horton na Catherine Clark walichimba mle miaka ya 1980. Mwaka 2017 Horton alirudi na timu ya Chuo Kikuu cha Bristol pamoja na watu wa hapa Zanzibar. Walilishughulikia kanisa, lakini kilichowashangaza zaidi kilikuwa chini yake: makazi ya watu tangu karne ya 11. Kabla ya hapo ilizoeleka kusemwa kwamba Mji Mkongwe ulipata maana baada ya Wareno na Waomani kufika. Kumbe wageni wote hao walikuja kwenye mji wenye karne kadhaa tayari. Kanisa lililofichwa na ngome lilikuwa nalo limeukalia mji wa Waswahili.

Haya ndiyo ninayoyasema kwa mtu anayedai kwamba kutafuta kanisa la Wareno ni kuwatukuza Wareno. Tuliwatafuta wao, tukajikuta sisi.

FundiChokaa

Na usisahau misukosuko ya ngome yenyewe. Karne ya 19 ilikuwa gereza na kambi ya askari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ya Bububu, ile iliyokufa 1928. Mwaka 1949 ikawa klabu ya wanawake. Miaka ya 1990 ndipo likajengwa jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia. Kila zamu imegonga ukuta, imetoboa, imeziba, imepaka. Kipande kile cha kanisa kuwepo hadi leo baada ya mafundi wote hao ni jambo la kushukuru.

Mimi ningependa Mamlaka ya Mji Mkongwe iweke kibao kikubwa pale ukutani, maneno ya Kiswahili yawe juu na herufi zisomeke na mtoto wa shule. Na sehemu hiyo isiegemezwe majukwaa wala vyuma vya taa wakati wa matamasha. Baada ya yaliyotokea Jumba la Ajabu hatuna sababu ya kungoja.

Kibokoni

Naunga mkono kibao. Fort Jesus iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2011 na Mji Mkongwe 2000, lakini orodha haimwelezi kitu mtoto aliyesimama mbele ya ukuta.

MwalimuWaHistoria

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo kimya kimya. Nafundisha sekondari Dar na nina safari ya wanafunzi wa kidato cha tatu muhula ujao. Kwenye mtaala tunafundisha Wareno pwani, sababu za kuja, sababu za kushindwa, wanafunzi wanakariri wanamaliza. Nikitaka siku moja ya Mji Mkongwe ijengwe juu ya habari hii, nipange vipi? Watoto ni mchanganyiko, Waislamu na Wakristo.

Mleta uzi

Mwalimu, umenifurahisha sana. Mchanganyiko huo ndio bora, kwa sababu kila mmoja atakuta kitu chake na cha mwenzake.

Boti ya asubuhi, na mkifika mwende moja kwa moja Ngome Kongwe kabla jua halijapanda. Usiwaambie kanisa liko wapi. Wagawe makundi, kila kundi lichore ukuta wa ua na kuweka alama kila mahali linapoona ukuta umebadilika. Wape nusu saa nzima, hata wakilalamika. Halafu ndipo uwaonyeshe, na uwaeleze habari ya Fatuma mkiwa mmesimama pale, Jumba la Ajabu likionekana ubavuni. Hapo sababu za Wareno kushindwa zitaacha kuwa orodha ya kukariri, kwa kuwa wataona kwamba kuzingirwa kwa Mombasa kuliamua nani angejenga Unguja.

Kisha tokeni nyuma mshike Gizenga kwa maelekezo ya BintiShangani mpaka Minara Miwili. Waache wao watafute njia, wewe fuata nyuma. Kutoka hapo mnaweza kwenda kwa miguu Mkunazini, mkaona vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kwa wageni na ule msalaba wa mti uliotoka Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone. Njiani mtapita misikiti mingi, zingatia saa ya adhuhuri ili watoto Waislamu wasali na wengine wapumzike na kunywa maji.

Mavazi yawe ya kufunika mabega na magoti, kwa ajili ya kanisani na kwa ajili ya mitaani pia. Barua ya shule iandikwe mapema kwa uongozi wa ngome, na kwa parokia kama mnataka kuingia ndani ya Minara Miwili. Mkipata fundi wa chokaa wa kufuatana nanyi, hata kwa saa moja, mchukueni kabla ya kumchukua mwongoza watalii.

FundiChokaa

Mwalimu, nitumie ujumbe wa faragha ukishapata tarehe. Nikiwa mjini nitakuja na mwiko na vipande vya matumbawe ya namna zote mbili, watoto wavishike.

MwalimuWaHistoria

Nimekuandikia. Michoro ya wanafunzi nitaileta humu humu kwenye uzi.